Ulimbwende Kwenye Uwanja wa Vita

Msomaji wa magazeti yetu akikutana na neno “walimbwende” hutarajia warembo jukwaani, mmoja kavishwa taji. Kamusi nazo hazimpingi: mlimbwende ni mtu wa kujipamba. Sasa mpe mwanafunzi wa sekondari wa Makambako kitabu cha uhakiki kinachosema ulimbwende ni mkondo wa sanaa ulioshamiri Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, halafu umwoneshe Francisco Goya alivyochora mapigano ya wakazi wa Madrid dhidi ya askari wa Napoleon, tarehe 2 Mei 1808. Farasi mweupe anachomwa kisu. Aliyempanda ananing'inia kichwa chini. Urembo uko wapi?

Haupo, wala haukukusudiwa. Hata mapenzi, ambayo wengi huyafikiria wakisikia “romantiki”, si asili ya jambo hili. Jina la mkondo limetoka kwenye romansi, hadithi za mashujaa na maajabu zilizosimuliwa kwa lugha za wenyeji badala ya Kilatini. Kiini chake ni hisia kutangulia kanuni. Wachoraji wa urasimi, mkondo wa kanuni uliotangulia, walipenda utulivu: Jacques-Louis David alimchora Napoleon akivuka milima ya Alps juu ya farasi aliyeinua miguu ya mbele, uso wake mtulivu kabisa. (Kwa kweli alivuka na nyumbu.) Goya, akichora mwaka 1814, hakumweka jemadari yeyote katikati. Jicho linahangaika, halina pa kutua, na ndivyo alivyotaka. Katika mchoro mwenzake, wa tarehe 3 Mei, askari wanaofyatua risasi wametupa mgongo; nyuso wamepewa wanaouawa, na mwanga wa fanusi unamwangukia mwenye shati jeupe.

Kwa uchoraji, basi, naona heri “uromantiki”. Ni neno la kukopa, lakini halimtumi mtazamaji kutafuta mapambo. “Ulimbwende” wabaki nao wahakiki wa fasihi, waliokwisha kuuzoea.

Istilahi ya “uromantiki” inafaa kujaribiwa hapa hapa Njombe. Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, wapiganaji wa Mbeyela, mtwa (mtawala) wa Wabena, walikishambulia kituo cha misheni ya Kilutheri cha Yakobi. Mrasimi angemsimamisha Mbeyela kilimani, mkuki mkononi, watu wake wamejipanga nyuma yake. Mromantiki angeingia katikati ya moshi. Lakini hapo angekabiliwa na swali ambalo Goya hakuwa nalo, maana Madrid adui alikuwa mgeni, naye alivaa sare. Yakobi, pamoja na mmisionari walikuwemo waumini Wabena, na waliokuja kushambulia nao walikuwa Wabena. Ukiwapa mgongo walio upande mmoja, umekwisha kuwahukumu. Ukiwapa wote nyuso, mtazamaji wa Njombe ataanza kutafuta ya babu yake, na huenda akaikuta pande zote mbili.