Regis

Regis ni jina la kisanii la Karl O'Connor, mtayarishaji wa tekno kutoka Birmingham, Uingereza. Mwaka 1993 aliianzisha lebo ya Downwards pamoja na Peter Sutton, maarufu kama Female. Albamu yake Gymnastics (1996) haibembelezi mtu: ngoma inagonga bila kupumua, kipande kifupi cha sauti ya chuma kinajirudia, melodi karibu haipo. Ukali huo umetoka kwenye posti-panki na muziki wa indastriali zaidi kuliko kwenye disko. Ushahidi mzuri ni British Murder Boys, kundi lake na mtayarishaji mwenzake Surgeon (Anthony Child): jukwaani O'Connor hushika kipaza sauti na kufoka kama mwimbaji wa panki. Downwards nayo haikubaki kwenye tekno tu: mwaka 2009 ilitoa rekodi ya The Dull Age ya kundi la Tropic of Cancer, muziki wa polepole wenye magitaa na mwangwi.