Moto wa Tabora wa Mwaka 1871

Katika mwezi wa Agosti, 1871, kadiri ya robo ya Tabora iliteketea kwa moto. H. M. Stanley, aliyekuwa Kwihara, mwendo mfupi kutoka hapo, aliuona moto huo, na habari aliyoiandika ndiyo inayotegemewa zaidi. Waliotia moto ni watu wa Mtemi Mirambo, pamoja na Watuta waliofuatana naye.

Neno "mji" lisitupoteze. Tabora ya wakati huo haikuwa na mtaa wa maduka yaliyosongamana kama miji ya pwani. Ilikuwa ni tembe zilizotawanyika. Kila tembe ilikuwa maskani ya mfanya biashara, tena ghala yake, tena duka lake; humo zimo pembe za ndovu, nguo na shanga. Basi kuchoma tembe ilikuwa ni kuchoma biashara yenyewe.

Wala moto huo haukuzuka bila sababu. Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora wakaandaa jeshi, wakamwendea, wakavichoma vijiji vyake. Lakini walipokuwa wakirudi na nyara wakavamiwa njiani, na Soud bin Said akauawa. Majuma kama mawili baadaye Mirambo akatokea Tabora. Khamis bin Abdullah akatoka kumkabili na watu haba. Wakamkimbia, naye akafa. Moto ulijibiwa kwa moto.

Lililo la kuangaliwa ni kwamba Mirambo hakukaa Tabora. Aliuchoma mji, kisha akaondoka, kwa maana hakuutaka mji, aliitaka njia. Tembe hujengwa upya kwa miti na udongo, lakini njia iliyofungwa haifunguliwi kwa udongo. Stanley mwenyewe alilazimika kuzunguka kusini, ndipo akafika Ujiji mwezi wa Novemba na kuonana na Livingstone. Nao wafanya biashara, ambao wengi wao walichukua bidhaa Unguja kwa mkopo, walibaki na madeni. Maana mali huungua, deni haliungui.

Vita viliendelea miaka kadhaa, hata ikafanyika suluhu katikati ya miaka ya 1870. Aprili 1876, Stanley, aliyekuwa upande wa Waarabu mwaka ule wa moto, alichanjiana na Mirambo. Kwa hiyo, anayetaka kuupima msiba wa Tabora asihesabu tembe zilizoungua tu, bali ahesabu na miaka ambayo njia ilifungwa.