Tilapia amebadilika rangi: angalia maji mbele ya kununua dawa

Mfugaji wa samaki katika territoire ya Djugu haoni samaki wake kila siku. Maji ya bwawa ni ya matope ao ya kijani, na tilapia anaonesha mgongo tu wakati wa kula. Siku ya kutupa wavu, akipata samaki mweusi kama makaa ao mwenye madoa, anashtuka. Wengine wanavua wote na kuuza kwa hasara. Wengine wanakimbia famasi, wananunua tetrasikline na kuimwaga ndani ya bwawa. Mara nyingi hakuna kati ya hayo mawili lililohitajika.

Ngozi ya tilapia ina vichembe vyenye rangi nyeusi ndani. Rangi ikitawanyika, samaki anakuwa mweusi. Ikijikusanya, anakuwa mweupe. Macho ndiyo yanaongoza kazi hiyo: samaki anafuata rangi ya mahali alipo. Ukimtia katika beseni nyeupe, kisha dakika chache amepauka. Kwa hiyo mwangalie palepale anapotoka kwenye maji, hapana kumpeleka kwanza nyumbani. Na kuna jambo watu hawalijui: samaki aliyepofuka macho yote mawili anageuka mweusi mwili mzima, sababu haoni tena chini. Ukipata mmoja mweusi amejitenga pembeni, chunguza macho yake.

Kuna pia rangi za kuzaliwa. Katika ziwa Albert kuna tilapia wa namna mbalimbali, na mbegu zinazouzwa mara nyingi zimechanganyika. Zillii ana tumbo jekundu, na si damu. Leucostictus ana vidoa vyeupe ubavuni, na jina lake la kisayansi linasema hivyo. Dume wa niloticus wakati wa kuzaa anakuwa mwekundu kidogo kichwani na tumboni, na dume aliyeshindwa na wenzake anakuwa mweusi. Hao wote ni wazima.

Shida ni pale wengi wanabadilika pamoja, tena hawali. Hapo kwanza ni maji. Fika bwawani alfajiri, saa kumi na mbili hivi. Kama samaki wako juu wanafungua midomo, hewa imepunguka. Ingiza mkono ndani ya maji: kama kiganja kinapotea mbele ya kiwiko kuzama, na maji ni kijani nzito, mbolea imezidi. Acha kutia mbolea na chakula, fungua maji mapya yaingie. Uliza pia kama kuna mtu analowesha muhogo katika bwawa ao kijito kinacholisha bwawa. Maji ya muhogo yanamaliza hewa na yana sumu, na hakuna dawa ya famasi itakayosaidia huku muhogo bado uko ndani.

Baridi ni jambo jingine la kwetu. Ziwa liko kwenye mita karibu 620, lakini vijiji vingi vya milimani vinapita mita 1.500. Maji yakishuka chini ya digri 20, tilapia anakula kidogo na mwili wake unalegea. Ukimshika vibaya na wavu wakati huo, magamba yanatoka, kisha siku chache kinaota kitu cheupe kama pamba. Hiyo ni ukungu juu ya kidonda. Kama ni samaki wachache, tia gramu 200 za chumvi ya jikoni, iliyopimwa kwenye mizani, katika bidoni ya litre 20 ya maji ya bwawa. Waache humo dakika kumi, si zaidi. Anayelala ubavu mtoe mara moja.

Madoa mekundu yanayopasuka kuwa vidonda ni hatari zaidi. Mara nyingi ni bakteria zinazomshika samaki aliyekwisha kuchoka juu ya maji mabaya. Lakini kuna ugonjwa wa vidonda virefu ulioonekana katika mto Zambezi mwaka 2006 na 2007, uliopitia mito na kugusa samaki wa namna nyingi. Vidonda vinavyoingia mpaka nyama: usihamishe samaki hata mmoja, wala wavu, wala maji. Mwite muganga wa nyama ao ofisi ya uvuvi na ufugaji. Hii ina uzito hapa, sababu tangu vita ya mwisho wa 2017 watu wengi walikimbia na kuacha mabwawa, na anayerudi anaomba mbegu kwa jirani bila kuuliza zimetoka wapi. Bwawa lililokuwa na ugonjwa likaushwe mpaka udongo upasuke, litiwe chokaa, ndipo lijazwe upya.

Rangi haioneshi zebaki. Samaki wa mito inayopita machimbo ya dhahabu, sawa upande wa Mongbwalu, anaweza kuwa na zebaki mwilini na bado anang'aa vizuri. Kupika hakuiondoi. Inajikusanya zaidi katika samaki wakubwa wanaokula wenzao, kidogo katika tilapia mdogo anayekula majani, na anayepaswa kujihadhari zaidi ni mama mwenye mimba.