Samaki wa Njia ya Ujiji



Mtu asomaye habari za mji wa Tabora hukutana na mambo makubwa tu: pembe za ndovu, watumwa, bunduki, shanga na nguo za merikani. Huyajua majina ya Burton na Speke, ya Livingstone na Stanley, ya Tippu Tip, ya Mtemi Mirambo wa Urambo na Mtemi Isike wa Unyanyembe. Lakini ukimwuliza watu wale waliopita njiani kwa maelfu walikuwa wakila nini, hunyamaza. Wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu waweza kunieleza kofia ya Livingstone ilikuwa ya namna gani, kwa sababu wameiona katika picha. Kitoweo cha mpagazi hawakijui, maana hakuna aliyejisumbua kukichora. Basi leo nataka kusimulia habari za samaki wa njia ile, maana biashara ya pembe ilikufa na biashara ya watumwa ikakomeshwa, lakini biashara ya samaki wakavu ingali hai.

Kwanza tuikumbuke njia yenyewe. Ilianza pwani, Bagamoyo na vijiji vya jirani, ikapita Usagara na Ugogo mpaka Tabora katika nchi ya Unyanyembe. Hapo iligawanyika. Tawi moja lilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Jingine likashika magharibi, likavuka mto Malagarasi, likapita Uvinza na kuishia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Tabora, waliyoiita Kazeh, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Ziwa Tanganyika waliliona tarehe 13 Februari 1858. Hayo ndiyo mataifa ya mwendo wa miguu. Hapakuwa na gari wala punda wa kutosha, na kila kitu kilikaa juu ya bega au kichwa cha mtu.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani ratili 70, na Mnyamwezi mwenye nguvu alichukua zaidi. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au kipande cha nguo au shanga za kununulia chakula. Wasikilizaji, yapimeni haya kwa akili zenu wenyewe. Kibaba cha mtama chaweza kumjaza mtu tumbo, lakini hakuna mtu wa nchi yetu aulaye ugali mkavu kwa miezi mitatu akaridhika. Nyama ilipatikana siku mwenye msafara alipopiga mnyama au alipochinja mbuzi, nayo huoza upesi. Samaki mkavu ni mwepesi, haozi akitunzwa na ukavu, na konzi moja yatosha kukolezea sufuria ya watu watatu. Tena wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na desturi ya kuchukua vitu vyao wenyewe vidogo juu ya mzigo wa tajiri, ili kubadilishana vijijini: majembe ya chuma, chumvi, na vyakula vikavu. Mimi naona biashara hiyo ndogo imesahauliwa kwa sababu haikuandikwa katika daftari ya tajiri yeyote.

Sasa twende Ujiji. Burton, katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1860, anataja samaki wengi wa ziwa, na miongoni mwao ameandika jina la dagaa. Soko la Ujiji lilikuwa kando ya maji. Fedha yake ilikuwa shanga zinazoitwa sofi, zilizotungwa katika uzi, na kwa hizo watu walinunua samaki, mawese, nafaka, chumvi, mbuzi, na kwa aibu ya wakati ule, hata binadamu. Mateka waliotoka Manyema walivushwa ziwa kwa mashua wakatelemshwa ufukoni pale pale ambapo wavuvi walianika dagaa. Hatuwezi kulisifu soko lile kwa samaki wake tukayafumba macho kwa mengine.

Uvuvi wa dagaa ulikuwa kazi ya usiku, tena usiku wa giza. Wavuvi waliingia ziwani kwa mtumbwi, wakawasha moto wa kuni mbele ya chombo. Dagaa huishi katika maji ya wazi mbali na ufuko. Wakiona mwanga hupanda juu makundi kwa makundi. Hapo mvuvi huchukua lusenga, nao ni wavu wenye umbo la mfuko uliofungwa katika duara la mti na kutiwa mpini mrefu, akauzamisha chini ya kundi na kuuinua kwa nguvu. Mwingine anachochea moto, mwingine anashika kafi mtumbwi usizunguke. Kunapokuwa na mbalamwezi kazi husimama, kwa kuwa samaki hutawanyika na moto wa mvuvi haushindi mwanga wa mbinguni. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi wa Ujiji haukuwa na siku thelathini, ulikuwa na siku zipatazo ishirini, na deni lake alililipa kwa hesabu hiyo.

Asubuhi ilikuwa zamu ya watu wa pwani ya ziwa, na hasa wanawake. Dagaa walimwagwa juu ya mchanga na changarawe, wakageuzwa kwa mkono, wakaanuliwa kabla ya umande. Jua likiwa kali hukauka kwa siku moja. Ratili tatu au nne za dagaa wabichi hutoa ratili moja tu ya wakavu, na hiyo ndiyo faida kubwa ya mpagazi: maji yote yamebaki Ujiji, yeye anachukua chakula kitupu. Mvua ikinyesha ghafula, mali ya usiku mzima huoza mchangani, wala hapakuwa na dawa.

Dagaa hawakuwa peke yao. Palikuwa na mgebuka, samaki mrefu afuataye makundi ya dagaa na kuwala. Palikuwa na kuhe na sangala, walio wakubwa zaidi. Hao hupasuliwa mgongoni wakaanikwa au wakakaushwa kwa moshi.

Jambo moja la ajabu nisilipite. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliuona mto Lukuga, ulio mlango wa ziwa upande wa Kongo, umezibwa na matete na matope, na maji ya ziwa yalikuwa yakipanda. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kile kilivunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kadiri ya mita 10. Ufuko wa Ujiji ukasogea mbali. Ndiyo sababu mgeni aendaye leo kuona mahali pa ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, hushangaa kuona maji yako mbali kidogo. Mji haukuhama, ziwa ndilo lililoondoka, na wavuvi wakalifuata pamoja na mitumbwi yao.

Turudi njiani kuelekea Tabora. Baada ya Ujiji msafara uliingia Uvinza, nchi ya chumvi. Huko kuna chemchemi za maji ya chumvi karibu na mahali mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi. Wakati wa kiangazi watu walikuja toka nchi nyingi, wakajenga vibanda, wakachemsha maji katika vyungu mpaka chumvi ikabaki, na mtemi akatwaa sehemu yake. Wataalamu waliochimba huko katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya vyungu na meko yanayoonyesha kwamba kazi hiyo ilifanyika tangu karne ya 5 au ya 6. Yaani, kabla Mwarabu wa kwanza hajaiona Tabora, chumvi ya Uvinza ilikwisha kuwa na umri wa miaka elfu na zaidi. Njia ya misafara basi haikufunguliwa porini na wageni. Ilipita juu ya vijia vya watu waliokuwa wakitafuta chumvi na kitoweo.

Kuvuka Malagarasi kulikuwa na gharama. Mitumbwi na vivuko vilikuwa mikononi mwa watu wa mtemi wa Uvinza, na wakati wa Burton jina lake lilikuwa Mzogera. Ada ilidaiwa kwa nguo na shanga, na majadiliano yaliweza kula siku nzima. Mto nao ulidai ada yake: mwaka 1871 mamba alimkamata punda wa Stanley, aliyeitwa Simba, akamzamisha mbele ya macho ya watu waliokuwa wakimvuta kwa kamba.

Upande wa kusini wa njia hiyo yapo mabonde ya mto Ugalla, na kaskazini mabwawa mapana ya Muyovozi. Maji yakipungua wakati wa kiangazi samaki hubaki katika vidimbwi, na watu huwavua kwa nyavu, migono na vikapu. Huko hawaaniki kama Ujiji. Kuna miti mingi, basi perege na kambale huwekwa juu ya uchaga na kukaushwa kwa moshi mpaka wawe weusi. Samaki wa moshi wa Ugalla walimfikia mtu wa Unyanyembe karibu zaidi kuliko dagaa wa Ujiji, na ladha ya mmoja si ladha ya mwingine. Wazee wa Tabora huwa na ubishi juu ya hilo, nami sitaki kuwa mwamuzi.

Mwaka huo huo wa 1871 vita viliwaka baina ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, na njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley alilazimika kuzunguka mbali kusini ili amfikie Livingstone. Vitabu vinaeleza hasara waliyopata matajiri wa pembe. Lakini pembe ikifungiwa ghalani mwaka mzima hubaki pembe. Mvuvi wa Ujiji aliyeanika samaki zake na mwanamke wa Uvinza aliyechemsha chumvi yake hawakuwa na ghala wala mkopo wa Wahindi wa Unguja. Kwao njia kufungwa ilikuwa njaa ya wiki ile ile.

Mirambo alifariki mwaka 1884, Isike mwaka 1893 katika vita na Wadachi, na reli ikaja. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya mpagazi ikakatika. Ndovu walikuwa wamepungua, na Bagamoyo ikapoa kama jiko lililoachwa. Mtu angedhani kwamba dagaa nao wangesahauliwa. Kinyume chake, gari la moshi liliwachukua mbali kuliko walivyopata kufika kwa bega la mtu. Mwendo wa wiki nyingi baina ya ziwa na Tabora ukawa wa siku moja au mbili, na magunia ya dagaa yakashuka katika kila stesheni. Ziwani kwenyewe meli ya Wadachi iliyozamishwa mwaka 1916 iliopolewa, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikawa inapakia samaki katika bandari ndogo ndogo. Katika miaka ya 1950 taa za karabai zilichukua mahali pa moto wa kuni, na baadaye nyavu kubwa za kuinua zikaipunguzia lusenga kazi.

Hata samaki wenyewe walisafirishwa wakiwa hai. Wazungu wa Kenya walikuwa wamefanya hivyo kwa ajili ya mchezo wa ndoana: mwaka 1929 walitia katika ziwa Naivasha samaki wa Marekani aitwaye bass, mkali wa kupigana na mshipi. Samaki wa Ziwa Tanganyika walichukuliwa kwa ajili ya chakula. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wabelgiji walipeleka vifaranga katika ziwa Kivu, na aina iitwayo lumbu kwetu ikastawi huko, ikapewa jina la sambaza. Mwaka 1967 na 1968 wengine walipelekwa katika bwawa kubwa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ambako huitwa kapenta, na wavuvi wa huko huwatafuta usiku kwa taa, kama watu wa Ujiji.

Ziwa la asili, hata hivyo, limechoka. Lina kina cha mita 1,470, lakini chini ya mita 200 hivi hakuna hewa ya kuwafaa samaki. Chakula chao hutegemea upepo wa kiangazi unaovuruga maji na kupandisha rutuba toka chini. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya juu yamepata joto, na kwa hiyo hayachanganyiki na ya chini kama zamani. Nyavu nazo zimeongezeka. Kwa hiyo nchi nne zenye ziwa hilo, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilipatana kulipumzisha, na upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei 2024 kwa miezi mitatu. Watu wa ufuko wa Kigoma walilazimika kutafuta riziki nyingine, na wengine hawakuwa nayo.

Muda wa katazo ulikwisha tarehe 15 Agosti. Mwezi ulikuwa unaelekea kuwa mpevu, nao ukajaa tarehe 19. Serikali ilikuwa imetoa ruhusa, lakini kwa kawaida ya kazi ile mvuvi wa dagaa alikuwa bado na siku kadhaa za kungojea giza.