Da Gama alipigania maji, si viungo

Wasee, leo tuweke kando pembe za ndovu na karafuu. Shuleni tulikaririshwa 1498, Vasco da Gama, Malindi, ile nguzo, basi. Hakuna aliyetuuliza swali ambalo baharia yeyote angeanza nalo: hao watu walikuwa wanakunywa nini?

Maji ya bahari hunywi. Chumvi yake inakutoa maji mengi kuliko uliyomeza. Kwa hivyo chombo kilibeba maji yake yote kutoka nchi kavu, na yakiharibika huko katikati hakuna duka.

Sasa angalia Machi 1498, kisiwa cha Msumbiji. Maji ya kuteka yalikuwa ng'ambo, upande wa bara. Wareno wakaenda na boti zao, wenyeji wakawazuia, mizinga ikalia. Vita juu ya mapipa ya maji! Ndipo wakaja Mombasa tarehe 7 Aprili, wiki moja baadaye wako Malindi. Mimi sioni kama walikuja Malindi kutalii. Kutoka hapo hadi Calicut ni karibu wiki nne bila kugusa nchi, na kurudi, upepo ukiwa umewakataa, walikaa baharini karibu miezi mitatu.

Na hayo maji yalikaa kwenye mapipa ya mbao. Baada ya wiki kadhaa yanageuka rangi, yanafanya ute, yananuka kama yai viza. Jeshi la majini la Uingereza liliwagawia mabaharia bia, galoni moja kwa siku, na sababu moja ni kwamba bia ilikaa vizuri kuliko maji. Matangi ya chuma yalikuja kuenea huko karne ya 19.

Huku kwetu majahazi nayo yalitumia mbao. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi kubwa la Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji mwaka 1938 na 1939, alikunywa maji ya tangi la mbao pamoja na mabaharia na abiria kibao. (Kuwait yenyewe haikuwa na maji ya kutosha. Hadi miaka ya 1950 majahazi yalikuwa yanaletea mji maji ya kunywa kutoka Shatt al-Arab. Hebu fikiria.) Faida ya manahodha wetu ni kwamba kaskazi iliwaleta wakifuata pwani, so waliweza kuingia bandarini na kujaza tena.

Lakini hapo ndipo shida ilipo. Ukijaza kisimani, unabeba kisima chenyewe pamoja na uchafu wake. Kipindupindu kilipopiga Zanzibar mwaka 1869 na 1870, daktari James Christie alikuwa pale pale. Kitabu chake cha 1876 kinafuata ugonjwa kwenye njia za biashara, misafara ya bara na vyombo vya baharini. Hata maji yawe meupe kiasi gani, kama kisima kiko karibu na choo, tangi lote limeshakwisha. Sultani Barghash alikuja kuvuta maji ya chemchemi kwa mabomba kutoka upande wa Bububu hadi mjini, na kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko kasri lake lolote.

Kitu kingine ni mkono. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona visima kwenye milango ya misikiti, na chombo cha mbao chenye kijiti cha kama dhiraa moja cha kutekea maji ya kunawa miguu. Wapwani mnaijua kata, ile ya kifuu na mpini mrefu. Mpini huo ndio unaozuia vidole vya watu thelathini visiingie kwenye maji ya kunywa. Bila mpini, na bila kifuniko, mtu mmoja mwenye tumbo la kuendesha anaweza kulaza chombo kizima.

Leo wavuvi wengi, wa bahari na wa ziwa, wanabeba jerikeni ya njano iliyowahi kuwa na mafuta ya kupikia. Watu wanaicheka. Mimi naitetea: ukiiosha vizuri na kutia dawa ya maji, mdomo wake ni mdogo, mkono hauingii, unamimina tu. Kinachonisumbua ni kile kikombe kimoja kinachozunguka boti nzima.

Kama uko Lamu na mnatumia kata chomboni hadi leo, nitumie picha.