Visomeo vya vitabu pepe na vifaa vya kazi nyingi

Kisomeo cha vitabu pepe ni kifaa cha mkononi kilichoundwa kwa kazi moja, kusoma, na kwa kawaida skrini yake hutumia wino wa kielektroniki. Mshindani wake ni kifaa cha kazi nyingi: simujanja, kishikwambi, na kabla ya hivyo kompyuta za kiganjani za miaka ya 1990. Humo kusoma hugombea nafasi na kupiga simu, kutuma pesa, kupiga picha na kutazama video. Mabishano kuhusu vifaa hivi huanzia kwenye macho na betri. Hoja hizo zina uzito wake, ila sizo zilizoamua mambo. Yaliyoamua ni mawili: kifaa kipi tayari kimo mfukoni mwa msomaji, na nani ameshika ufunguo wa duka la vitabu.

Kabla ya Kindle

Vitabu pepe vilitangulia vifaa vya kuvisomea. Tarehe 4 Julai 1971 Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alichapa Tangazo la Uhuru wa nchi yake kwenye kompyuta kubwa ya chuo na kuwaachia wenzake walisome. Hapo ndipo Project Gutenberg ilipoanzia. Mwaka uliofuata Alan Kay, mtafiti wa Xerox huko Palo Alto, alitoa pendekezo la Dynabook, kompyuta ya watoto yenye umbo la daftari. Ni vizuri kukumbuka kwamba ndoto hiyo ya awali ilikuwa ya kifaa cha kazi nyingi: mtoto asome, achore, atunge muziki na aandike programu zake mwenyewe. Kifaa cha kusoma tu kilizaliwa baadaye, na mkunga wake alikuwa biashara.

Sony ilijaribu mwaka 1990 kwa Data Discman, iliyosoma diski ndogo zilizosheheni kamusi na ensaiklopidia. Mwaka 1998 zikaingia sokoni Marekani Rocket eBook ya kampuni ya NuvoMedia na SoftBook. Rocket ilizidi nusu kilo kwa uzito, ilibeba vitabu vipatavyo 10, na kila kitabu kilipitia kwanza kwenye kompyuta ya mezani. Waasisi wa NuvoMedia, Martin Eberhard na Marc Tarpenning, waliiuza kampuni yao kwa Gemstar mwaka 2000. Miaka mitatu baadaye Gemstar iliachana na vitabu, na mwaka huohuo wawili hao wakaanzisha kampuni ya magari ya umeme ya Tesla.

Wakati visomeo vikifa, kulikuwa na watu waliosoma riwaya nzima kwenye kompyuta za kiganjani za Palm. Pilot ya mwaka 1996 ilikuwa na skrini ya nukta 160 kwa 160, bila rangi, ndogo kuliko kiganja. Mtu wa leo angeicheka. Hata hivyo Peanut Press, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliuza vitabu kwa ajili ya vifaa hivyo na ikapata wateja, kwa kuwa mnunuzi alikuwa amekwisha kulipia kifaa chake kwa ajili ya kalenda na namba za simu. Kitabu kilikuja kama nyongeza. Huko Japani jambo hilo lilifika mbali zaidi: mwaka 2007, riwaya 5 kati ya 10 zilizoongoza kwa mauzo zilikuwa zimeanzia kwenye simu za mkononi, zikiandikwa na kusomwa kwa vipande vifupi kwenye skrini ambazo hakuna mbunifu wa vitabu angezipendekeza.

Wino wa kielektroniki

Kampuni ya E Ink iliundwa mwaka 1997 na watu waliotoka MIT Media Lab. Skrini yake ina tabaka la mamilioni ya vifuko, kila kimoja kikiwa na upana unaokaribia unene wa unywele. Ndani ya kifuko mna kimiminika kisicho na rangi, na ndani ya kimiminika mnaelea chembe nyeupe zenye chaji chanya na chembe nyeusi zenye chaji hasi. Umeme ukielekezwa upande mmoja, nyeupe hupanda na nyeusi huzama. Ukigeuzwa, mambo hugeuka. Chembe zikishatulia hubaki zilipo bila kuhitaji umeme tena. Ukurasa uliofunguliwa hauli betri. Kinachoila ni kuufungua ukurasa mwingine, pamoja na taa na mawasiliano ya Wi-Fi. Kwa hiyo chaji ya kisomeo huhesabiwa kwa wiki, ya simu kwa saa.

Tofauti ya pili ni chanzo cha mwanga. Skrini ya simu humulika kuelekea machoni, ilhali wino wa kielektroniki hurudisha mwanga ulioko mahali hapo, sawa na karatasi. Juani saa sita mchana maandishi ya kisomeo huzidi kukolea, huku msomaji wa simu akiona sura yake mwenyewe. Usiku mambo yalikuwa kinyume hadi mwaka 2012, visomeo vya Nook na Kindle vilipowekewa taa ndogo pembeni mwa skrini zinazomwaga mwanga juu ya ukurasa.

Wino huu una kasoro zake. Chembe huenda polepole, kwa hiyo video haitazamiki, na kivuli cha ukurasa uliopita hubaki kidogo hadi skrini ijisafishe. Rangi ilichelewa mno. Amazon ilitoa Kindle yake ya kwanza ya wino wa rangi mwaka 2024, na hata hapo maandishi meusi yana nukta 300 kwa inchi ilhali picha za rangi zina 150. Kwa atlasi, kitabu cha baiolojia chenye michoro au katuni, kishikwambi cha kawaida bado kiko mbele.

Kifaa cha kwanza sokoni kutumia wino huo kilikuwa Sony Librie, Japani, mwaka 2004. Skrini yake ilisifiwa, lakini vitabu vyake vilijifuta baada ya siku 60. Mnunuzi alikuwa mpangaji, na alilijua hilo. Haikuvuma. Kindle ya Amazon ilitoka tarehe 19 Novemba 2007 kwa dola 399 na shehena ya kwanza ikaisha ndani ya saa tano na nusu, ingawa wino wake ulikuwa uleule uliokuwa kwenye vifaa vya Sony. Kilichobadilika ni duka. Ndani ya Kindle mlikuwa na modemu ya mtandao wa simu, gharama ya mawasiliano ilibebwa na Amazon, na vitabu karibu 90,000 vilipatikana bila kugusa kompyuta. Msomaji alimaliza kitabu kimoja kitandani na kununua kingine palepale.

Simu yaingia

Januari 2008 Steve Jobs wa Apple aliipuuza Kindle mbele ya waandishi wa habari, akidai kwamba watu hawasomi tena. Miaka miwili baadaye, Aprili 2010, aliuza iPad yenye rafu ya vitabu. Kwa gramu 680 ilikuwa na uzito zaidi ya mara mbili wa Kindle ya kwanza, na ilianzia dola 499. Apple ilikubaliana na wachapishaji wakubwa juu ya namna ya kupanga bei za vitabu, na mwaka 2013 mahakama ya Marekani ikaamua kwamba ilishiriki njama ya kuzipandisha.

Amazon yenyewe ilisoma alama za nyakati mapema: programu ya Kindle kwa ajili ya iPhone ilitoka Machi 2009, kifaa chao kikiwa hakijatimiza hata miaka miwili. Tangu hapo Kindle imekuwa vitu viwili, kifaa na akaunti, na akaunti ndiyo yenye thamani. Msomaji huanza sura kwenye kisomeo nyumbani na kuiendeleza kwenye simu akiwa kwenye foleni ya benki, programu ikikumbuka alipoishia. Apple nayo ilidai asilimia 30 ya mauzo yanayofanyika ndani ya programu, kwa hiyo mwaka 2011 Amazon iliondoa kiungo cha kwenda dukani kwenye programu yake ya iPhone. Kiungo hicho kilirudi Mei 2025, tena nchini Marekani tu, baada ya uamuzi wa mahakama. Kwa miaka 14 mtu aliweza kusoma kitabu kwenye iPhone yake, lakini kukinunua ilimbidi azunguke kupitia kivinjari.

Kuhusu afya, utafiti unaotajwa sana ni ule wa Anne-Marie Chang na wenzake, uliochapishwa Desemba 2014. Watu 12 walisoma kwa saa nne kabla ya kulala, kwa usiku tano kitabu cha karatasi na kwa usiku tano iPad. Waliposoma iPad walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10, na homoni ya melatonini ilipungua mwilini. Magazeti yalitangaza kwamba visomeo huharibu usingizi, jambo ambalo utafiti haukulipima: kifaa kilikuwa iPad, mwanga wake umepandishwa hadi mwisho, chumbani mna giza hafifu. Kisomeo cha wino kisicho na taa ni suala lingine kabisa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hasara kubwa ya simu haiko kwenye mwanga. Iko kwenye ujumbe wa WhatsApp unaoshuka juu ya aya. Kisomeo kina kivinjari kibovu, hakina kamera, hakipigi simu, na kwa riwaya ya kurasa 400 upungufu huo ndio sifa yake. Kwa makala fupi, habari, mashairi mawili matatu ya kupitisha muda, simu inatosha na inazidi.

Mwenye kitabu ni nani?

Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye Kindle za wateja nakala za *1984* na *Animal Farm* za George Orwell, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Wateja walirudishiwa pesa, na mwasisi wa Amazon, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani. Kwamba kitabu kimojawapo kilihusu serikali inayofuta maandishi ya jana ni kejeli ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuibuni. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe, na vitabu vyote vilivyouzwa humo vikaacha kufunguka, ingawa nayo ilirudisha pesa. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya.

Mfano wa Microsoft unaonyesha kwamba kufuli haiko kwenye visomeo peke yake. Tofauti ni kwamba kwenye simu msomaji anaweza kuwa na programu za maduka manne bega kwa bega, ilhali kisomeo huja kimefungamana na duka moja. Umbizo la EPUB, lililoidhinishwa mwaka 2007, hufunguka kwenye visomeo vya Kobo na kwenye programu nyingi za simu, lakini Amazon ililikwepa kwa miaka mingi. Kampuni kama Onyx, yenye vifaa vya Boox, zimepita katikati: wino wa kielektroniki juu, mfumo wa Android chini, na mtumiaji anajiwekea programu anazozitaka.

Wasioona na viziwi

Kindle 2 ya Februari 2009 ilisoma kwa sauti, na chama cha waandishi cha Marekani kikalalamika kwamba hiyo ni haki nyingine inayopaswa kulipiwa. Amazon ikawaachia wachapishaji waizime. Zaidi ya hayo, menyu za kifaa hazikusemwa kwa sauti, kwa hiyo asiyeona hakuweza hata kukifikia kitabu. Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilipoanza kujaribu Kindle kwa masomo, shirikisho la wasioona la nchi hiyo lilikwenda mahakamani, na shauri likaisha kwa makubaliano Januari 2010. Mwaka huohuo wa Kindle 2, iPhone 3GS ilitoka na VoiceOver, inayotamka kila kilichopo kwenye skrini. Hapa simu ilishinda mapema. Kwa viziwi hakuna hata ushindani: kampuni ya eKitabu ya Nairobi hutengeneza hadithi za watoto zenye video za Lugha ya Alama ya Kenya, na video haichezeki kwenye wino.

Afrika

Shirika la Worldreader, lililoanzishwa na David Risher, aliyewahi kuwa mkurugenzi Amazon, na Colin McElwee, liliamini kisomeo. Mwaka 2010 lilianza kugawa Kindle mashuleni Ghana, kisha likafika Kenya na nchi nyingine. Hoja yake ilikuwa nzuri: kifaa kimoja, vitabu vingi, chaji ya wiki kadhaa mahali pasipo umeme wa uhakika. Tathmini ya mradi wa Ghana ilikuta kwamba takriban vifaa 4 kati ya 10 viliharibika, hasa skrini. Chini ya wino kuna kioo chembamba, na begi la mwanafunzi hukanyagwa na kukaliwa. Simu nayo huvunjika, lakini kioo cha simu hubadilishwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi siku hiyohiyo. Cha Kindle, fundi atakuuliza ulikipata wapi.

Shirika halikuacha vifaa mara moja, ila uzito ulihamia kwenye simu, zikiwemo zile za vitufe zilizokuwa na intaneti. Mwaka 2014 UNESCO ilitoa ripoti iliyotokana na watumiaji zaidi ya 4,000 wa programu ya Worldreader ya kusomea kwenye simu katika nchi saba, Uganda ikiwa mojawapo. Wanaume ndio waliokuwa wengi, lakini wanawake walisoma wastani wa dakika 207 kwa mwezi dhidi ya 33 za wanaume. Hawa walikuwa tayari wasomaji wa kwenye simu, kwa hiyo takwimu haziwasemei wote. Hata hivyo zinajibu dai la Jobs vizuri zaidi kuliko mauzo ya iPad.

Tanzania kifaa cha kazi nyingi kiliingia shuleni kwa mlango wa nyuma. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo, na Taasisi ya Elimu Tanzania huweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Kifaa cha kuhesabu kaya kikawa cha kuandalia somo. Kisomeo kisingeweza kamwe kuazimwa hivyo. Kwa mwanafunzi mwenye simu ya mzazi, kikwazo kilichobaki ni umbo la kitabu chenyewe. Ukurasa uliopangwa kwa karatasi kubwa haujipangi upya kwenye skrini ya inchi sita, iwe ya simu au ya kisomeo: hukuzwa, kisha husukumwa kushoto na kulia, mstari hadi mstari. Kitabu kilekile kikitolewa kwa EPUB, maneno hujipanga kufuata upana wa skrini, na faili lenye maandishi matupu hula bando kidogo.