Mpindo Uliofichwa Citroën

Stika za daladala tunazokata Kariakoo zinatokana na hesabu ya mipindo ya Mfaransa Paul de Casteljau, lakini wenzangu karibu wote hutaja jina la mhandisi Bézier tu. Naona tunamnyima mtu haki yake.

De Casteljau, mwanahisabati kijana, aliajiriwa na kampuni ya magari ya Citroën mwaka 1958. Zama hizo bodi ya gari ilichorwa kwa ukubwa wake halisi, kisha mafundi wakachonga kielelezo, kisha zikatengenezwa kalibu za kukandamizia bati. Vyote vitatu vilitakiwa kulingana. Havikulingana kila mara, maana mstari uliopinda ulikaa kwenye jicho na mkono wa fundi, na mkono haupimiki kwa rula.

Jibu alilolipata mwaka 1959 nawafundisha vijana wangu kwa penseli kabla hawajagusa kompyuta. Weka nukta nne. Ziunganishe kwa mistari mitatu iliyonyooka. Tia alama katikati ya kila mstari, nawe umepata nukta tatu. Ziunganishe, gawa tena, zimebaki mbili. Unganisha, gawa, imebaki moja. Hiyo moja imekaa juu ya mpindo. Rudia yote kwa kugawa kwenye robo, kisha kwenye robo tatu, na mpindo wote unajitokeza, laini kabisa, bila kukunja kitu chochote. Nukta nne zinatosha kumpa fundi wa mji mwingine umbo lile lile. Huu ni uzuri ambao sijauchoka.

Citroën waliifanya siri. Wakati huohuo kwa washindani wao, Renault, mhandisi Pierre Bézier, aliyekuwa pale tangu 1933, aliifikia mipindo hiyohiyo kwa njia yake mwenyewe, akaijengea mfumo wa UNISURF na kuchapisha makala. Aliyechapisha ndiye aliyejulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanahisabati Mjerumani Wolfgang Boehm alizigundua ripoti za Citroën, na ile njia ya kugawa ikapewa jina la de Casteljau. Mpindo wenyewe ulibaki wa Bézier.

Kutoka kwenye magari ulihamia kwenye herufi. John Warnock na Charles Geschke walianzisha Adobe mwaka 1982. Lugha yao ya PostScript ikachora herufi kwa mipindo hiyo, na mwaka 1987 programu ya Illustrator ikampa msanii nodi, yaani nukta ambazo mpindo unapitia, na vishikio vyake avivute kwa mkono. Ndiyo maana nembo moja hukaa kwenye kadi ya biashara na kwenye bango la barabarani bila kingo kuchanika.

Mashine zinazojifunza nazo zimepita njia hii. Mwaka 2017 David Ha na Douglas Eck wa Google waliifundisha mashine kwa michoro ambayo watu walikuwa wameichora katika mchezo wa Quick, Draw!. Kila mchoro ulihifadhiwa kama hatua za kalamu: imekwenda kulia kiasi gani, juu kiasi gani, imegusa au imenyanyuliwa. Mashine iliufupisha mchoro mzima kuwa vekta ya namba 128. Walipochukua vekta za paka na nguruwe na kutafuta zilizo kati yake, ilichora wanyama wanaogeuka hatua kwa hatua kutoka huyu hadi yule. Kutafuta kilicho kati ya nukta na nukta ndiyo kazi aliyoianza de Casteljau, safari hii kwenye anga isiyochoreka.

Hata hivyo, programu nyingi za kutunga picha ambazo wateja wanazitumia sasa hutoa vidoadoa vya rangi, na kisu cha mashine ya stika hakina mstari wa kufuata hapo. Picha ya namna hiyo ikiletwa dukani, tunaichora upya nodi kwa nodi, na mteja analipia kazi hiyo.